Kinanda Kilichowaacha Wazee Nyuma

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Simu wekeni kando, haitatoroka. Mimi niliacha shule darasa la pili, kwa hivyo msitafute hapa maneno makubwa. Ninaandika Kiswahili kwa sababu wengine wenu mmeoa na kuolewa mbali, na watoto wenu Kikuyu hawakisikii. Karibu yote mtakayosoma yalisemwa kwa Kikuyu. Nimeyageuza mwenyewe, na nikikosea nimekosea.

Huwa mnaniuliza mimi bibi yenu, "Shosho, ni ukweli ulikuwa unapiga kinanda kanisani?" Mnauliza huku mkiangalia vidole vyangu vilivyopinda na kucheka mkiwa mmefunika mdomo. Ni ukweli. Nilipiga miaka mingi, na sikumbuki Jumapili hata moja iliyopita bila mtu kulalamika. Lakini kuna msimu mmoja ambao malalamiko yalikaribia kuniondoa kwenye kile kiti, na huo ndio ninataka kuwaambia. Kuna sheria ya nyumba hii mnayoifuata mpaka leo bila kuuliza ilitoka wapi. Ilitoka huko.

Nikifumba macho mchana, nikiwa nimekaa hapa mlangoni na jua linanipiga magotini, kanisa lile hunijia lote. La mawe, dogo, juu ya mteremko nje kidogo ya Gatitu. Asubuhi ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani, unaingia mlangoni kabla ya watu, unakaa viti vya nyuma kama wageni wenye haya. Kulikuwa na harufu ya makoti yaliyolowa na moshi wa jikoni kwenye leso za akina mama. Sauti ya kinanda ilikuwa inapanda polepole mpaka kwenye mabati, inakaa huko juu kidogo, halafu inashuka kama imechoka. Siku zingine sijui kama ninakumbuka au ninaota. Lakini vidole huanza kutembea wenyewe juu ya goti, na hapo ninajua si ndoto.

Kinanda kilikuwa cha kukanyaga. Chini kilikuwa na vibao viwili vya miguu, kama cherehani. Ukikanyaga, mivukuto iliyo ndani inavuta upepo, na upepo ndio unaotoa sauti. Ukiacha kukanyaga, kinanyamaza. Kilikuwa cha mama mmoja mmishonari, mrefu, mwenye miguu myembamba, ambaye alirudi kwao muda mfupi baada ya uhuru. Aliondoka, kinanda kikabaki kimefunikwa shuka nyeupe kama mgonjwa. Jumapili nyingi tuliimba kwa mdomo tu, kila mtu na njia yake.

Mimi nilikuwa ninafagia kanisa Jumamosi, zamu yangu na ya akina mama wengine wawili. Wao wakienda kuchota maji, mimi nilikuwa ninafunua ile shuka. Miguu yangu ilijua kazi hiyo tayari. Mume wangu alikuwa fundi wa nguo pale madukani, na tangu anioe nilikuwa ninakanyaga cherehani yake kila siku, nikishona sare za shule na makoti ya wazee. Kwa hivyo miguu haikunisumbua. Vidole ndivyo vilivyotafuta njia. Nilitafuta wimbo mmoja kwa sikio wiki tatu, nikaupata. Ili nisiupoteze, nilibandika vipande vya uzi kwa uji mzito juu ya yale meno meupe ya kubonyeza, uzi mwekundu mahali pa kuanzia, wa buluu mahali pa kumalizia. Nilipofika nyimbo kumi, mchungaji alinikuta. Nilifikiri atanifukuza. Alisimama mlangoni kofia mkononi mpaka nikamaliza, akasema, "Kesho uvae viatu."

Hivyo ndivyo nilivyopata kiti kile. Sikuwa na cheti, sikuwa na kitabu, na hata jina langu nilikuwa ninaliandika kwa taabu. Lakini Jumapili nilikuwa ninakaa mbele ya watu wote na hakuna aliyeanza kuimba kabla yangu. Sikuwa na kitu kingine kama hicho duniani. Ninawaambia wazi ili mjue nilikuwa ninaogopa kupoteza nini.

Sasa, malalamiko. Siku hizo wanaume wa kanisa hawakumkaripia mke wa mtu usoni. Ilikuwa aibu. Mzee akiwa na neno juu yangu alikuwa analipeleka kwa mama mkwe wangu, na mama mkwe ndiye aliyeniletea. Tuliishi boma moja, yeye na nyumba yake ya mviringo karibu na migomba, sisi na yetu ya mbao. Binti yangu wa kwanza alipewa jina la mama mkwe, kama desturi, kwa hivyo mama mkwe alikuwa akimwita mtoto "mimi", na mimi mwenyewe akaniita "mama yangu" akiwa na furaha na "wewe msichana wa watu" akiwa hana. Jumapili alikuwa anajaza malalamiko kichwani pale nje ya kanisa, halafu ananigawia moja moja wiki nzima, tukiwa tunapalilia au tunapukuchua mahindi. Na alikuwa haleti tu. Alikuwa anaigiza.

Jumatatu anaanza, anakunja kidevu kama mzee mwenyekiti wa kanisa: "Mwambie mke wa mwanao, wimbo wa Jumapili ulinipita kama lori la polisi. Nilipofungua mdomo, nikaona vumbi."

"Na wewe ukamwambia nini, maitu?" Maitu ni mama, hilo hata nyinyi mnalijua.

"Nikamwambia anunue baiskeli."

Jumanne anakuwa mama wa kiti cha nyuma kabisa, mwenye sikio moja: "Sisi huku nyuma tunaona mikono inatembea, lakini sauti hakuna. Ati anapiga au anapanguza?"

Jumatano ni mwalimu kijana aliyetoka chuoni akafundisha pale shule yetu. Huyu alikuwa analalamika kwa Kiswahili, na mama mkwe Kiswahili hakukijua, kwa hivyo alikuwa ananiletea mikono tu, anaipungapunga hewani na kutoa macho. Baadaye mume wangu alinifafanulia: mwalimu alisema watu wanasinzia, na angepewa nafasi kwaya ya vijana ingeimba na gitaa, kinanda kirudishiwe shuka yake.

Nilikuwa ninacheka. Mama mkwe akiigiza huwezi kukosa kucheka, unashika tumbo, jembe linaanguka. Lakini usiku nilikuwa ninayahesabu. Wazee wanasema nipunguze mwendo. Watu wa nyuma wanasema niongeze sauti. Nikajaribu. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi ili watu wa nyuma wasikie, na sauti ikapanda kidogo, lakini vidole vikakimbia kufuata miguu. Nilikuwa nimejifunza hivyo kwenye cherehani, miguu ikienda mbio nguo nayo inapita mbio chini ya sindano, na mkono hauna ruhusa ya kubaki. Nikipunguza miguu ili wazee wapumue, sauti inazama, na mama wa sikio moja anasimama na kuangalia juu kama anayetafuta kuku aliyeruka. Sikuelewa kwa nini siwezi kupiga polepole na kwa sauti. Yule mmishonari aliweza.

Juu ya kinanda nilikuwa nimeweka kioo kidogo, kile mume wangu alichowapa wateja wajione kola. Nilikiweka ili nimwone mchungaji akiingia. Lakini kwenye kona ya kioo kulionekana pia kiti cha tatu upande wa wanawake, karibu na dirisha, na hapo ndipo mama mkwe alipokaa. Jumapili moja nikiwa katikati ya wimbo niliangalia nikaona mdomo wake. Ulikuwa nyuma yangu mstari mzima. Mimi nimefika mwisho, yeye bado anatoka mwanzoni, na jirani yake amegeuka kumwangalia. Jumapili iliyofuata nikaangalia tena. Alikuwa amefunga mdomo. Alikuwa ameshika kitambaa magotini, anaangalia dirishani ukungu ukipita, na kanisa lote linaimba bila yeye.

Wiki hiyo aliniletea malalamiko ya watu watano. La kwake hakuleta. Nilingoja mpaka Jumamosi. Nikauliza, "Hakuna mwingine aliyesema kitu?" Akasema, "Mwingine nani? Kanisa zima halijakutosha?" Akaendelea kuchambua maharagwe.

Jumamosi hiyo nilipomaliza kufagia, nilivuta kinanda kutoka ukutani. Nilikuwa sijawahi kukiangalia mgongo. Kwa nyuma kulikuwa na ubao ulioshikwa na vipande vinne vya mbao, nikaviondoa. Ndani kulikuwa na giza lenye harufu ya karatasi kuukuu, na kiota cha panya, kimetengenezwa vizuri kwa nyuzi. Nyuzi zangu, nyekundu na za buluu! Kumbe kila mara nilipofikiri uzi umeanguka, alikuwa anaubeba yeye, kwa ajili ya ule uji. Na karibu na kiota, kwenye ngozi ya mivukuto, alikuwa ametafuna tundu la kupitisha vidole viwili.

Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Basi ndiyo hiyo. Nusu ya upepo wangu wote ulikuwa unatokea hapo. Ndiyo sababu ilibidi nikimbie ili nisikike. Si mimi, si wazee, si yule wa sikio moja. Ni tundu. Na tundu, kwangu mimi, lilikuwa na dawa moja tu. Nilikimbia mpaka dukani, nikachukua kipande cha ngozi laini ambacho mume wangu alikuwa anatilia viwiko vya makoti, sindano ya ngozi, na uzi wa katani. Nikashona. Nilishona mishono midogo, imekaribiana kama meno ya mtoto, mizunguko miwili. Sijawahi kushona kiraka kizuri kama kile. Nilirudisha ubao, na sikujaribu kupiga, kwa sababu maharusi wawili walikuwa wameingia kuonana na mchungaji. Nikaenda nyumbani nikalala kama mtoto.

Kesho yake nilikaa kitini, nikakanyaga polepole, polepole sana, nikiwa na wazee moyoni. Kinanda kikatoa mlio, fssssss, kama chungu cha githeri kinachochemka. Nikakanyaga tena. Fssssss. Sauti ya wimbo ilikuwa mbali, kama iko bondeni, na juu yake ule mlio. Mwalimu kijana aliinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Mama, chai iko tayari!" na viti vyote vya mbele vikaanguka kwa kicheko. Nilikanyaga kwa nguvu, nikakanyaga kama ninayefukuzwa, jasho likanitoka mpaka kwenye macho, na wimbo ukakimbia kuliko siku zote. Mchungaji akafunga kitabu baada ya ubeti wa pili.

Sikutoka kwa mlango mkubwa siku hiyo. Nilipitia kando, penye majani marefu, na bado nikasikia mzee mwenyekiti akimwambia mama mkwe, bila kuigiza sasa, sauti yake mwenyewe: "Mama, sisi tumezeeka na hatuwezi kuabudu tukikimbia. Mwambie apige mpaka Pasaka. Pasaka ikiwa namna hii, tutakifungia stoo na vijana watapewa gitaa lao. Si kwa ubaya."

Mama mkwe akajibu, "Nimesikia."

Hakuniambia Jumatatu, na Jumanne akapalilia kimya. Mimi nilikuwa nimeshasikia, naye alijua nimesikia, na tulikuwa tunapita tu kando ya neno hilo kama watu wanavyopita kando ya shimo la viazi. Pasaka ilikuwa Jumapili mbili mbele, na ile ya katikati ilipita na mlio ule ule. Mvua ilikuwa imeanza, kahawa imechanua kila upande, maua meupe matupu, na harufu yake ilikuwa inaingia mpaka ndani ya nguo. Nilikuwa ninatembea katika harufu hiyo kama mtu anayetembea usingizini. Nilijiona tayari nikiwa nimekaa kiti cha tatu na wengine, mikono magotini, ninangoja mtu mwingine aanze.

Jumamosi kabla ya Pasaka nilienda kufagia kama kawaida. Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kiondo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Hakuwa mtu wa kuja kanisani Jumamosi. Magoti yake yalimsumbua kwenye ule mteremko.

"Fungua hicho kitu kinachovuja nikione," akasema.

Nikafungua. Alijishusha sakafuni taratibu, mkono mmoja kwenye bega langu, akachungulia ndani. Akapitisha kidole juu ya kiraka changu. Nikangoja anisifu. Mshono ule ulistahili.

"Sasa wewe msichana wa watu," akasema, "tundu lilikuwa moja."

"Nimeliziba, maitu."

"Umeliziba, halafu umetoboa mengine. Hebu hesabu. Kila mahali sindano imepita ni tundu. Koti halijali, koti linashika mtu. Hiki kinashika upepo. Nani alikwambia upepo unashonwa?"

Niliinama nikaangalia. Mishono yangu mizuri, midogo, mizunguko miwili. Ilikuwa chungio. Ninawaambia, vijana, mpaka leo nikikumbuka masikio yanapata moto.

Yeye alikuwa ameshafungua kiondo. Alitoa kopo lenye makaa chini ya majivu, na kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Ilikuwa ni nta ya nyuki, donge jeusi kama ugali ulioungua, la tangu siku ambazo baba mkwe alikuwa hai na mizinga yake ikiwa juu ya miti kule mtoni. Alikuwa analitumia kuziba vibuyu. Kibuyu kikipasuka alikuwa anakishona kwa uzi, halafu anapitisha nta moto juu ya mshono, na uji haupiti. Watu walikuwa wanamletea vibuyu hata kutoka Ruring'u. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo miaka yote, nikiwa nimekaa karibu yake, na sikuwahi kufikiri.

Basi akaanza. Alilainisha nta juu ya makaa, akaichukua kwa kidole gumba, akaisugua ndani ya kila mshono, mmoja, mmoja, akipuliza. Mimi nilikuwa ninashika ubao. Nje mvua nyepesi ilianza, ile isiyopiga kelele. Ndani kukawa na harufu ya asali, asali ya zamani sana, ya mtu aliyekufa. Sikujua ni saa ngapi. Mwanga wa dirishani ulikuwa kijivu, haubadiliki, na kidole chake kilikuwa kinakwenda na kurudi. Ningekaa pale mpaka leo.

Akaanza kuongea bila kuniangalia.

"Unajua kwa nini tunavuta mwisho wa mstari?"

"Kwa sababu ya uzee."

"Uzee wako mwenyewe unakuja, ngoja." Akapuliza. "Wakati tulipojengewa kanisa la kwanza, la matope, lilikuwa hapa hapa juu. Na huu mteremko ulikuwa huu huu. Watu wa mtoni walikuwa wanapanda na watoto mgongoni. Sasa ukifika na wimbo umeisha, unaingia watu wamekaa, wanakugeukia. Ni aibu. Kwa hivyo wale waliofika kwanza walikuwa wanaimba mstari wa kwanza, na mwisho wake wanaushika. Hawauachi. Sisi huku chini tunasikia umeshikwa, tunaongeza hatua, tunaingia, tunaushika na sisi. Wa mwisho akiingia, mzee anainua mkono, ndipo tunaanza mstari wa pili. Hakuna aliyefika akakuta ameachwa."

Nikamsogezea kopo la makaa.

"Nilipanda hivyo na watoto saba. Wanne ndio niliobaki nao. Wale watatu wengine walishika ule mstari wakiwa wamenishika leso. Na baba yao." Akazungusha kidole gumba kwenye kona ya kiraka. "Kwa hivyo mimi nikifika mwisho wa mstari wa kwanza siwezi kutoka mbio. Ninaangalia mlangoni kwanza. Halafu wewe umeshafika kwa Amina."

"Mbona hukuniambia, maitu? Umeniletea maneno ya kanisa zima."

"Ya kanisa ni ya kanisa. Yangu ningeyaleta, ungesema mama mkwe anakuchukia." Akacheka kwa pua. "Na ulikuwa unapenda sana kile kiti. Niliona. Nikasema, wacha apande. Mimi nitaimba nikiwa nyumbani."

Alipomaliza alijipangusa mikono kwa jani la mgomba, akasema nikae nijaribu. Nikakanyaga mara mbili. Nikaondoa miguu kabisa. Nikaweka kidole kimoja, uzi mwekundu. Sauti ikatoka nene, imetulia, ikajaza kanisa tupu mpaka mabati yakaitikia, na ikakaa. Ikakaa. Miguu yangu imelala na sauti bado iko. Nilimwangalia kwenye kioo. Alikuwa ameketi sakafuni pale pale, uso umeelekea mlangoni mpaka sauti ilipoisha yenyewe.

Pasaka watu walijaa hadi nje. Nilivaa viatu. Mzee mwenyekiti alikaa mbele na fimbo yake katikati ya magoti kama hakimu. Mwalimu kijana alikuwa amekuja na gitaa, limefungwa kwenye shuka, limeegemezwa ukutani. Nililiona.

Nilianza wimbo wa kwanza taratibu. Wa nyuma wakasikia, kwa sababu yule mama wa sikio moja aliacha kuangalia juu. Tukafika mwisho wa mstari wa kwanza, nikaushika. Vijana walikwenda mbele bila mimi, maneno mawili matatu, wakajikuta peke yao, wakanyamaza. Mwalimu alinigeukia. Nikamtolea macho. Nikaendelea kushika. Na hapo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kusikia tangu nianze kupiga: wazee wakaingia chini ya ile sauti. Kwanza mzee mwenyekiti, kama mlango mzito unaofunguliwa. Halafu upande wa wanawake. Hakuna aliyewaambia. Walishika, wakashika, na wale waliokuwa bado wanapanda mteremko katika ukungu tukawasikia wakishika huko nje, sauti zinakuja zikikua, na wakaingia mlangoni wakiwa tayari wanaimba, viatu vina matope, hakuna aliyewageukia. Kwenye kona ya kioo mdomo wa mama mkwe ulikuwa wazi. Alikuwa anaangalia mlangoni. Sijui alikuwa anawaona kina nani wakiingia. Mimi niliona watu wa mtoni tu.

Nilipoona amegeuza uso mbele, nikaanza mstari wa pili.

Ibada ilichelewa kuisha. Gitaa lilirudi nyumbani na shuka yake. Nilingoja neno la wazee, lakini mama mkwe hakubadilisha desturi yake kwa sababu ya Pasaka. Aliniweka mpaka Jumatatu, tukiwa kwenye viazi, jua limetoka. Akakunja kidevu.

"Mwambie mke wa mwanao, kiti akikalie. Lakini nyama yangu ya sikukuu imeungua kwa sababu ya wimbo mmoja. Na zile sauti nene anazobonyeza zinanikanyaga sikio."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ashukuru bado ana nyama na ana sikio." Akapiga jembe mara mbili. "Yule wa nyuma amesema sasa ni kelele."

Kwa hivyo msifikiri waliacha kulalamika. Waliendelea miaka yote, na mwalimu pia, mpaka akaoa mmoja wa kwaya, na huyo mke akaanza kumlalamikia yeye. Nta ilishika. Kila mwaka mvua zikikaribia tuliipaka upya, yeye na mimi, na alipokuwa haiwezi tena ile njia nilikuwa ninamletea mivukuto yenyewe nyumbani, anaipaka akiwa amekaa kwenye kigoda.

Lakini ile sheria ya nyumba ilitoka Jumapili ile ile ya Pasaka, jioni, jua bado liko. Tulikuwa tunaimba nyumbani kila Jumapili kabla ya kukamua. Watoto wangu, hao ni baba zenu na mama zenu, walikuwa wanataka kukimbia uwanjani ambako wenzao walikuwa wanacheza. Waliimba kama wanaokimbizwa na nyuki. Wakafika ubeti wa mwisho, na mama mkwe pale kwenye kona alikuwa bado ameshika mstari wa kwanza, macho mlangoni, sauti yake nyembamba imebaki yenyewe katika nyumba. Mmoja wao akacheka. Simtaji, anajijua, sasa ana mvi.

Niliinuka. Nikafunga mlango. Mume wangu akataka kusema kitu, nikamwangalia, akakiacha. Nikawaambia neno hili, na sijalibadilisha mpaka leo:

"Tutaanza upya. Katika nyumba hii, mstari wa kwanza unashikwa mpaka aliye mkubwa kuliko wote aumalize na apumue. Mwenye haraka atoke sasa akakamue ng'ombe wote watatu peke yake."